Hina ya Mama Mdogo

Juzi, kwenye harusi moja hapa Masuguru, nilikunja mikono ya gauni nisaidie kukoroga hina. Mwenye harusi akanizuia.

“Dada, wewe pumzika,” akasema, akaniletea soda.

Ile harufu ya hina mbichi ikanirudisha Handeni, nikiwa mtoto, mchana niliofuatana na mama mdogo Zaina. Yeye ndiye aliyekuwa akiwapaka hina maharusi wote pale kijijini, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha. Alikuwa ameachika wiki chache tu kabla ya siku hiyo. Tulipoingia kwenye nyumba ya harusi, vigelegele vikakatika.

“Zaina mdogo wangu, leo pumzika, unywe soda,” alisema mama yake bibi harusi.

Nilidhani tumeheshimiwa. Sikujua wanaogopa asije akampaka binti yao mkosi. Mama mdogo alinipa mimi ile soda, akanikalisha barazani, akanipaka hina yote aliyokuja nayo, viganja na nyayo. Nilirudi nyumbani nimetanua vidole, naringa. Mama mdogo hakuitwa tena kwenye harusi yoyote.

Sasa nami nimeachika. Juzi kando yangu alikaa mtoto wa kike, anaitolea macho soda yangu. Nikampa.