Ncha ya Waya Ikielekea Kanisani

"Kumi na saba," ilisema sauti ya mwanamke kutoka kwenye spika za kanisa jirani, kavu na yenye mikwaruzo, nami nilichelewa kuitambua kwa sababu ilikuwa yangu. Hadi leo naona haya kuyasimulia yaliyofuata, lakini heri niyasimulie mwenyewe kuliko kusimuliwa.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, mpangaji katika ploti ya Baba Njeri kule Kawangware, na utafiti wangu ulihusu antena za redio ya ridhaa (ile ya watu binafsi wenye mitambo yao nyumbani) za masafa ya chini: zinamwaga mawimbi yake upande gani, na upande gani zinayanyima. Jumapili hiyo nilikuwa nimetandaza waya wa mita arobaini juu kidogo ya mabati, nikihesabu kwenye maikrofoni ya mtambo wangu wa kurushia mawimbi, huku rafiki yangu Atieno, aliyekuwa Mashimoni kule Kibera, akisikiliza na kuandika mahali sindano ya mita yake ilipofika.

Kosa lilianzia kwenye adabu. Vitabu husema waya wa namna ile hutupa nguvu zake ubavuni, na kwamba nchani kuna ukimya; basi mimi, kwa kulistahi kanisa, niliielekeza ncha huko, tena nikapima kwa dira mara tatu (mara ya tatu ilikuwa ya kujifurahisha tu). Nilichosahau ni kwamba ukimya huo ni wa mbali. Waya uliolala chini vile hurusha sehemu kubwa ya nguvu zake juu angani, na hatua kumi kutoka nchani, pale penye msukumo mkali wa umeme kuliko pote, zilining'inia nyaya ndefu za spika zikipokea kila neno langu.

Mwenye akili timamu angezima mtambo. Mimi niliwaza huenda ni mwangwi, huenda ni kaseti, na kama si hayo basi ni jambo la kupimwa, nikaendelea hadi ishirini na tatu ili nipate uhakika, kisha nikatamka polepole, "Hii ni sauti yangu," nalo kanisa likatamka vivyo hivyo.

Ambacho sikukijua ni kwamba dakika ile Pasta alikuwa akitangaza ndoa ya Njeri, binti wa mwenye ploti, na mchumba wake Omondi, kwa Jumapili ya tatu na ya mwisho, na ndiyo kwanza alikuwa ameuliza kama kuna mwenye pingamizi.

"Nani huyo?" spika zikaniletea sauti ya Pasta. "Mama, kama uko na neno, kuja mbele. Usijifiche."

Nikazima. Ukimya ule ndio uliommaliza Omondi.

Jioni, habari zilikuwa zimefika bombani.

"Huyo mwanamke alikuwa anahesabu miaka wamekaa na Omondi," mama mmoja akasema.

"Ishirini na tatu? Na Omondi ako na ishirini na nane? Kwani alioa akiwa nasari?"

"Basi ni watoto."

Nilicheka nao (hilo ndilo linaloniuma zaidi), nikabeba ndoo yangu, nikampita Omondi amesimama mlangoni kwa Baba Njeri akiapa kwamba hana mwanamke mwingine, na mzee, ambaye hakuwa amemkubali kwa urahisi kijana wa kutoka upande wa ziwa, akimwambia arusi imesimama mpaka huyo mwanamke apatikane.

Kesho yake nilikimbilia kwa Atieno, nikamweleza yote kwa mchoro wa mawimbi, yenye umbo la nane, waya ukipita katikati.

"Hii nane umechora iko sawa," akasema. "Sasa chora Njeri ako wapi."

"Serikali itachukua kibali changu cha redio. Tasnifu yangu ndiyo basi."

"Na yeye?"

"Nitamwandikia babake barua, nianze na tofauti ya mawimbi ya karibu na ya mb—"

"Dada, arusi ni Jumamosi. Barua ya nini? Piga simu."

Tangu hapo nimeapa kwamba sitawasha mtambo kabla ya kubisha kwenye mlango ulio karibu na ncha ya waya, vitabu viseme vitakavyo. Lakini siku ile kiapo hakikumfaa mtu. Nilisimama kwenye kibanda cha simu, nikapiga dukani kwa Baba Njeri.

"Ni mimi, mpangaji wa chumba cha nne. Yule mwanamke wa kanisani—"

"Unamjua?"

Nilikuwa nimeandika maelezo ya kurasa mbili. Nikayakunja.

"Ni mimi. Nilikuwa nahesabu tu kwenye redio yangu, ikaingia kwa spika. Omondi hata hatujawahi kusalimiana."

Kisha nikamsikia akisema, si kwangu, "Njeri, kuja ushike hii simu. Kuja usikie mwenyewe."