Hamira, bibi na kisiki cha Njinjo

Leo bibi yangu kanifundisha digrii yangu mwenyewe huku anakoroga unga wa vitumbua.

Niko Njinjo, likizo. Asubuhi nilijikwaa njia ya shambani, kucha ya kidole gumba ikang'oka. Nimekaa jikoni nimefungwa kitambaa.

Bibi kaniuliza chuoni nasomea nini hasa. Nikamwambia hamira.

"Hii hii?"

Hii hii, Bibi.

Nikaeleza. Chembe ya hamira ikitaka kujigawa, kwanza inanakili vinasaba vyake. Ikikuta pameharibika haisimami, maana ikisimama inakufa. Inaparuka, inaendelea, halafu inarudi kuziba pengo kwa kutazama nakala iliyo nzima.

Bibi hata hakuinua macho.

"Ndivyo tulivyolima shamba la kijiji, enzi za ujamaa. Mmejipanga mstari, ukikuta kisiki unaruka. Mstari usisimame. Mtarudi."

Miaka miwili maabara, jamani.

Nikajikaza. "Na mlirudi kuving'oa?"

Akamimina kitumbua cha kwanza, akasubiri kiive upande mmoja.

"Sasa hicho kilichokung'oa kucha unadhani ni nini?"

Watu wa Njinjo, nani mwingine kajikwaa pale? Weka picha ya kidole.