Jiko Nililolifungia Chumbani kwa Wakwe Zangu

Jamani, aibu hii ningeweza kuwaficha, lakini haina faida, maana nusu ya watu wa Wundanyi waliiona kwa macho yao na waliobaki walisimuliwa kabla jua halijatua, na kusema kweli wao wanaijua kunishinda mimi mwenyewe, kwa sababu kuna sehemu ambazo mimi sikuwepo, yaani mwili ulikuwepo pale uani lakini akili ilikuwa imeshaondoka.

Mimi ni mtu wa Mboghoni, huko chini Taveta, na miaka ile ya hamsini nilikuwa napokea mizigo stesheni ya Voi, kwa hiyo kote nilikokaa ni joto, na baridi nilikuwa naisikia tu kama watu wanavyosikia habari za Ulaya. Mke wangu Wakesho ndiye wa milimani, huko Wundanyi. Mtoto wetu wa kwanza, Mghoi, alipoanza kukaa mwenyewe, mama mkwe akatuma neno kwamba mjukuu wake akabatizwe kwao, na tena Julai (Julai!), mwezi ambao ukungu kule unashuka mpaka kuku wanapoteana uani.

Sasa, siku chache kabla hatujapanda, Bwana Afya alikuja stesheni kutufundisha mambo ya msimu wa baridi. Akasema watoto wavae kofia, maji ya kunywa yachemshwe, nguo mbichi zisivaliwe, kikohozi kikizidi mtu aende hospitali, na kila asubuhi tufanye mazoezi ili damu itembee (hilo sisi wabeba magunia tulilicheka sana). Akafika kwenye habari ya upepo, na madirisha, na jiko la makaa, na hapo gari moshi la Mombasa likawa linaingia, mimi nikakimbilia kazi. Kwa hiyo nilibaki na maneno matatu, upepo, dirisha, jiko, na kuyaunganisha nikayaunganisha mwenyewe.

Tukapanda na lori la mboga lililokuwa linarudi tupu. Kule tulipokewa vizuri, tukalazwa katika nyumba mpya ya shemeji yangu, nyumba ya mabati, kuta zimepigwa lipu, madirisha ya kioo, mlango unafunga kabisa. Mama mkwe ni mama wa maneno machache, na mimi kwa heshima nilikuwa nikiongea naye naangalia mwimo wa mlango, simwangalii usoni. Alikuwepo pia kaka yake, Mjomba Mwakio, mzee wa kanisa, adui mkubwa wa pombe, ambaye kijiji kizima kilimwogopa kwa sababu alikuwa akinusa mbangara mdomoni mwa mtu kutoka ng'ambo ya bonde.

Jumapili asubuhi ilikuwa padri na kwaya waje kutuchukua nyumbani, tutoke pamoja kwenda kanisani. Wanawake wako jikoni, nyumba ya nyasi ya zamani upande wa pili wa uani, wageni wanaanza kufika mmoja mmoja kwenye ukungu, na mimi nimeachiwa Mghoi amelala kitandani, Mjomba ameketi kwenye kiti na Biblia yake, na baridi inaniingia mpaka kwenye meno. Vidole vilikuwa havifungi vifungo vya koti. Nikamviringishia mtoto kila nguo niliyoiona, nikasema huyu atapata nimonia kabla hajapata ubatizo. Basi nikatoka, nikakuta jiko la makaa limewaka vizuri kando ya mlango wa jikoni, jekundu, halina hata moshi (na mimi nilidhani kisichotoa moshi hakina neno), nikalibeba nikaliingiza chumbani.

"Bwana mkwe," Mjomba akasema, akinyoosha mikono juu ya makaa, "leo umefanya jambo la maana."

Sifa ile ndiyo iliyoniharibu. Nikafunga dirisha. Nikaona upepo bado unapita chini ya mlango, nikachukua kanga iliyokuwa imetundikwa nikaziba pale, na kwenye ufa wa dirisha nikashindilia soksi zangu. Chumba kikawa kama Voi kabisa. Tukakaa, tukaongea habari za mahindi, za reli, Mjomba akaanza kunisomea mstari, akausoma, akausoma tena ule ule, na mimi sikuona ajabu.

Kuanzia hapo mambo yanachanganyika. Nakumbuka kichwa kiligonga kama kuna mtu anapigilia misumari ndani. Nakumbuka Mjomba anacheka, na sikujua anacheka nini, na mimi nikacheka. Kisha nikaona niko stesheni, na gari moshi limechelewa, na watu wananigongea wanataka mizigo yao, kumbe ni mlango unagongwa kweli. Nikainuka. Miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Nikafungua kabati nikitafuta njia, nikashangaa kwa nini stesheni imejaa nguo za shemeji, nikageuka, nikavuta mlango, nikaanguka nje kwa magoti, mbele ya padri, wazee wa kanisa na akina mama wa kwaya waliovaa nguo zao nyeupe.

"Kuna nini hapa?" padri akauliza.

Nikamwambia, kwa sauti ya kazi kabisa, "Mzigo wako haujafika, bwana. Rudi kesho."

Halafu nikatapika, na viatu vyake vilikuwa karibu.

Nyuma yangu Mjomba Mwakio akatokea, ameshika mwimo wa mlango, Biblia imegeuzwa juu chini, anayumba. Padri akamwita kwa mshangao, "Mzee Mwakio! Ni wewe?" Na Mjomba, ambaye nafikiri alikuwa bado anawaza makaa, akajibu, "Tuongezeeni kidogo tu, ilikuwa tamu."

Mnaweza kufikiria. Mama mmoja wa kwaya akasema "Mbangara! Asubuhi!" na mwingine akajifunika uso, na kijana aliyewahi kunyimwa meza ya Bwana kwa sababu ya Mjomba akapiga kofi la furaha. Watu walicheka, na wengine walikasirika, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye matope nikijiuliza hawa abiria wote wanaenda wapi.

Ndipo Wakesho akaja mbio kutoka jikoni. Akaniinamia, akaninusa mdomo, akanishika mabega.

"Baba Mghoi, mtoto yuko wapi?"

Nikamwangalia. Nilimjua kwamba ni mtu ninayempenda, ila jina sikulipata. Nikamuuliza, "Mtoto gani?"

Kicheko kilikatika hapo hapo. Wakesho aliniachia nikaanguka, akaingia ndani, na nikasikia akipiga kelele, "Mao! Mao, njoo!" akimwita mama yake. Alitoka na Mghoi mikononi, na mkono wa mtoto ulikuwa unaning'inia. Mama mkwe akampokea, akamfungua zile nguo zote nilizomviringishia, akamgeuza uso kwenye hewa na manyunyu, akawa anamsugua mgongo na kumwita jina, "Mghoi. Mghoi, amka mama, Mghoi." Mimi niliona yote hayo, lakini kama mtu anayetazama kupitia kioo chenye mvuke, na ndilo jambo linaloniuma mpaka leo, kwamba sikuweza hata kuogopa.

Kisha mtoto akakohoa. Akakunja uso, akalia, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu zake zote, na Wakesho akakaa chini kwenye matope karibu nami akalia pamoja naye.

Kuingia ndani aliingia padri mwenyewe, na viatu vyake vile vile, akatoka na jiko mkono mmoja na soksi zangu mkono wa pili. "Hakuna aliyelewa hapa," akasema. "Makaa yamewaibia hewa." Ndipo wote watatu tukapelekwa zahanati, Mghoi mgongoni kwa bibi yake, Mjomba na mimi tumeshikiliwa kwapani. Dresa alimkagua mtoto kwanza, tena na tena, akasema wangechelewa kidogo tu asingekuwa na la kutuambia. Halafu akanieleza kile ambacho Bwana Afya alikuwa amekisema mimi nikikimbilia gari moshi: jiko la makaa lisiingizwe chumba kilichofungwa, hata mara moja, hata kwa dakika chache. Nikamwambia kwetu tumepikia moto ndani ya nyumba tangu utotoni. Akanijibu kwamba nyumba ya nyasi inapumua, hii ya mabati na lipu haipumui, tena makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoua kimya kimya.

Ubatizo ukasogezwa Jumapili iliyofuata, na Mjomba alisimama mbele ya kanisa zima kueleza kwamba yalikuwa makaa, na alieleza kirefu mno, hata waliokuwa wameamini wakaanza kuwa na wasiwasi.

Tangu hapo nimeapa, na sitarudi nyuma: mtu akinialika milimani wakati wa baridi, nitavaa masweta yote ya nyumba, nitakaa kwenye moshi wa jikoni mlango uko wazi, nitatetemeka mbele za watu bila haya. Na mkutano wa afya ninakaa mpaka neno la mwisho, gari moshi lisubiri. Lakini kuna jambo moja bado silijui. Wanasema nikiwa njiani kwenda zahanati nilimgeukia mama mkwe, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza, nikamwambia maneno fulani kwa sauti kubwa. Nimemuuliza Wakesho miaka yote hii ni maneno gani, na kila nikimuuliza anashika mbavu na kutoka nje.