Karata ya Jua Wakati wa Kiangazi

Mwaka ule wa ukame ndio niliojifunza kusoma karata za taroti, zile za kubashiria, hapa Kitengela, katika chumba cha jirani yangu. Alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Nyeri, aliyefanya kazi kwenye nyumba za wazungu mpaka mwajiri wake wa mwisho akarudi kwao na kumwachia vyombo, paka, na zile karata sabini na nane. Nilimwita Shosho, yaani nyanya, kama mtaa mzima ulivyomwita. Karata alizifunga kwa kitambaa chake cha kichwa cha kanisani na kuzificha nyuma ya vikombe, pasta asije akaziona.

"Moja kwa siku," aliniambia. "Iangalie mpaka chai ichemke. Usikimbilie kitabu."

Nilikuwa na saluni ndogo ghorofani. Alasiri, upepo ukipandisha vumbi kutoka uwandani, niliegemeza karata kwenye kioo nikaitazama huku nikisuka. Wateja wakiisha, usingizi ulinipitia palepale kitini, na picha zikanifuata. Mara moja nilimwona yule mwanamke wa karata ya Nyota, anayemimina maji kutoka mitungi miwili, akitembea peke yake katikati ya barabara ya Namanga. Nyuma yake pundamilia walikuwa wakiramba lami. Niliamka na kiu.

"Sasa zimeanza kukuzoea," Shosho akasema nilipomsimulia.

Lakini mimi nilikuwa na haraka. Nilikikariri kijitabu kilichokuja na karata, na baada ya miezi miwili nikajiona najua, nikamwomba Shosho aniazime karata zote nikae nazo saluni.

Kulikuwa na mwanamke wa Kimaasai, rika langu, aliyeniletea maziwa ya chai kutoka boma lao nyuma ya Isinya. Mumewe alikuwa amehamisha ng'ombe kuelekea mpakani kutafuta nyasi, akamwachia wawili tu wa kukamua. Asubuhi moja nilimsalimia alivyonifundisha mwenyewe.

"Takwenya."

"Iko," akaitikia, lakini sauti yake ilikuwa mbali. Alikuwa akizitazama karata. "Simu ya mzee haishiki. Wiki mbili sasa. Hizo vitu zako zinaweza niambia kama ako hai?"

Nilipaswa kusema haziwezi. Badala yake nilizichanganya, nikafunua moja. Jua. Mtoto uchi juu ya farasi mweupe, na jua kubwa likimwangalia. Kijitabu kilisema ni furaha, ni ushindi.

"Anarudi!" nikamwambia. "Jumamosi haitaisha kabla hajafika."

Aliikodolea macho ile picha. "Hili ni jua," akasema polepole. "Si jua ndio lilimfukuza huku?"

"Kwa karata liko na maana ingine," nikamjibu, kama mwalimu.

Ile Jumamosi sikuitoa kwenye karata yoyote. Ilinitoka tu mdomoni, kwa sababu uso wake ulikuwa umeanza kufunguka, nami nikatamani ufunguke zaidi.

Jumamosi ikapita, na wiki iliyofuata hakuleta maziwa. Nilimweleza Shosho yote. Hakunigombeza.

"Nani alikuwa amekaa mbele yako?"

"Mama wa maziwa."

"Na wewe ukamsoma nani?"

"Bwana yake."

"Basi ulisoma kiti kitupu."

Nikapanda boda boda mpaka kwa mama wa maziwa. Uwanda ulikuwa mweupe kwa ukavu, na joto lilifanya miti ya mbali ionekane kama imesimama juu ya maji. Nilimkuta ameketi mlangoni.

"Nimekuja kukwambia ukweli," nikasema. "Sikujua kitu. Jumamosi niliitunga."

"Niliambia watoto baba anakuja," akasema. "Wakaosha miguu, kwa yale maji ya kunywa. Mdogo alikaa kwa lango mpaka usingizi ukamshika, kiatu kiko mkononi."

Machozi yalinitoka. Hakunibembeleza, wala hakunifukuza.

"Umekuja na hizo vitu zako?" akauliza. "Ziweke chini. Leo wewe nyamaza."

Alizifunua mwenyewe juu ya leso, moja moja. Wafalme na majumba yao akawapita. Akasimama kwa mtu aliyeinama akibeba mzigo wa fimbo, uso umezama ndani ya mzigo.

"Huyu haoni mbele," akasema. "Huyu ni mimi. Nimebeba hii kungoja mpaka sioni njia."

"Ukiitua utafanya nini?"

Nilikuwa sijawahi kumwuliza mtu swali kwa sababu nataka kusikia jibu lake. Aliinua macho, akatazama kusini kwenye vilima.

"Nitaenda kumtafuta."

Kesho yake aliwaacha watoto kwa mama mkwe, akaondoka na shemeji yake. Waliuliza boma kwa boma, na siku ya nne wakampata katika hospitali ndogo, mguu umevunjika. Fahali alishtuka akamsukuma kwenye korongo. Simu ilibaki huko chini.

Mume alirudi nyuma ya pikapu, ameketi juu ya gunia la pumba, mguu umenyooshwa mbele. Nilienda kumsalimia.

"Ni wewe ulisema narudi Jumamosi?"

"Ni mimi. Nisamehe."

"Hiyo Jumamosi," akasema, "sikuwa najua kama bado niko na mguu." Akacheka, mkewe naye akacheka, na mimi nikathubutu kukaa.

Chai ikaletwa. Kisha, bila kuulizwa, mume akaanza kutaja ng'ombe waliokufa njiani, kila mmoja kwa rangi yake. Yule mwekundu mwenye paji jeupe. Yule wa kijivu aliyekuwa wa mama yake. Kila alipotaja mmoja mkewe aliitikia kwa sauti ya chini, kwa Kimaasai, naye akangoja kabla ya kumtaja mwingine. Chai ilipoa mikononi mwangu. Jua lilishuka, kivuli cha nyumba kikatufikia, na bado alikuwa hajamaliza.