Kifaransa Kisicho na Ila

Nilifundisha Kifaransa cha kuzungumza kwa mihula miwili, kidato cha kwanza, katika shule moja ya kutwa Chumbageni. Ninachokikumbuka zaidi si somo lolote. Ni binti aliyekaa dawati la pili, aliyenijibu kila kipindi kwamba ni mzima, mpaka alipoacha shule.

Nilikuwa na shahada, sikuwa na ajira, hivyo nilijitolea. Kila nilipoandika tarehe ubaoni nilijiuliza watoto hawa watazungumza Kifaransa na nani. Mkuu wa shule alisema lugha hufungua milango. Sikumwuliza milango ipi.

Tulianza na salamu. Neno "madame" liliwachekesha. "Kumbe tunaongea Kifaransa toka chekechea!" alisema mmoja wa nyuma. Mwingine akauliza shikamoo ni nini kwa Kifaransa. Nikamwambia haipo.

"Hata kwa bibi yake?"

"Hata kwa bibi yake. Anamwambia bonjour."

"Basi hao wana kiburi, madam."

Kisha nikaandika: ça va bien, niko vizuri, ça va mal, niko vibaya. Hili la pili lilitushinda. Ndimi zao hazikukubali neno liishie hewani, wakasema "sava mali," wakaanza kutaniana: "Mwenzetu tajiri huyu, ana mali!" Kicheko kilipoisha, hakuna aliyelitumia. Nilipita dawati hadi dawati nikiwauliza hali. Wote bien, hata mvulana aliyekuwa akitetemeka kwa homa.

"Mtu akikuuliza hali unamwambiaje vibaya, madam? Si utamtisha?"

Niliwakosoa. Nikasema hii ni lugha ya watu wanaosema ukweli. Sijui nililitoa wapi hilo. Wafaransa wachache niliowahi kukutana nao chuoni walijibu ça va bila hata kusimama. Nikaweka na sheria: katika kipindi changu, Kiswahili marufuku.

Yule binti ndiye aliyekuwa na matamshi bora. Nilimsimamisha mbele kama mfano. Nikimwuliza hali: Comment ça va? Ça va bien, madame. Nikawaambia wenzake wampigie makofi. Wiki nzima nzima zilikwenda hivyo.

Halafu hakuonekana siku nne. Mwalimu wake wa darasa akaniambia mama yake alikuwa amepooza upande mmoja tangu mwanzo wa muhula, na binti ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumlisha kabla ya kuja shule. Sasa bibi yake alikuwa amekuja kuwachukua wote wawili, wahamie Pangani.

Binti alikuja kurudisha vitabu. Nikamwuliza, "Mbona hukuniambia? Si nilikuwa nakuuliza kila siku?"

"Uliuliza kwa Kifaransa."

"Ungejibu kwa Kiswahili."

"Ulikataza, madam." Akaviweka vitabu mezani. "Na ila sikuijua."

Nilimwelewa papo hapo, na sijapata kujisamehe. Kwetu mtu hutanguliza salama. Salama, ila mtoto kalazwa. Nzuri tu, ila tumefiwa. Habari yenyewe hukaa baada ya ila. Kitabu changu kiliweka neno hilo, mais, katika somo la sita, nasi tulikuwa bado la tatu. Nilimfundisha nusu ya kwanza ya jibu, nikamzuia nusu ya pili, kisha nikaliambia darasa limpigie makofi.

Jumamosi nilikwenda kwao. Bibi alikuwa ukumbini akifunga vyombo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za shule?"

"Nzuri, ila nimekuja kumwombea mwanafunzi wangu. Abaki kwa mama yake mdogo hapa mjini, asome."

"Na mgonjwa atageuzwa na nani? Kwa mikono yangu hii?" Akainyoosha niione, vidole vilikuwa vimepinda. "Atasoma mwakani, inshallah."

Tulijua sote kwamba mwakani mgonjwa atakuwa yuleyule na mikono itakuwa ileile.

"Ana kipaji, bibi. Kifaransa chake..."

"Wewe umekisoma miaka mingapi?"

"Mitatu, chuo kikuu."

"Na kazi?"

"Najitolea."

Hakunicheka. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeleta msiba wake mwenyewe kwenye msiba wa watu. "Pole, mwanangu," alisema.

Binti alitoka chumbani akiburura godoro, nami nikashika upande wa pili, tukalikunja na kulifunga kamba.