Mteremko Uliogawanywa Idara Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Jinja, nilikabidhiwa koleo na mifuko ya sampuli. Mkuu wa maabara akaniambia, "Udongo hauna kabila. Watu waachie wengine." Nilidhani huo ndio usomi.

Baadaye nilihamishiwa chuo kimoja Mbale, nikapanga chumba mtaa wa Nkoma. Kazi ilikuwa kupima miteremko ya mlimani: unachimbia bomba ardhini, kisha unasoma maji yamepanda kiasi gani. Yakilowesha tabaka la udongo wa mfinyanzi, mlima huteleza. Mteremko mmoja ulinitisha. Niliwasihi wakazi wahame, wakanisikiliza kwa adabu, wakabaki.

Aliyenifumbua macho ni Nambozo, mtafiti wa mila katika jengo la pili. "Pale ndipo ukoo unachimba tope la kuwapaka vijana wa tohara," alisema. "Mzee Wamono, mkubwa wao, anasema watashuka wakipewa mahali ndani ya ardhi ya ukoo, waweze kurudi kuchukua tope." Nikaduwaa, maana tope lile lilitoka kwenye chemchemi ileile iliyojaza mabomba yangu. Tukaandika ripoti moja: hatari yenyewe, na jinsi ya kuwahamisha.

Mkuu wangu wa idara, mtoto wa kambi ya jeshi aliyependa kuamrisha kwa Kiswahili, aliisukuma kando. "Bwana, wewe nasoma udongo. Mambo ya tohara iko ya nani?"

"Afande, bila hayo hawahami."

"Ondoa. Hapana changanya."

Mkuu wa Nambozo naye hakutaka kusikia habari za mabomba. Ripoti ikakatwa vipande viwili. Changu kilifika serikalini kikisema wahame tu. Cha Nambozo kilibaki kwenye rafu ya idara yake. Wakazi wakapewa ardhi ya mbali, kwa watu wengine kabisa, wakakataa. Mvua ilipozidi, mteremko ulishuka asubuhi moja ukamfukia Mzee Wamono na wajukuu zake.

Nimestaafu sasa, naishi Mpumudde, hapa hapa Jinja, lakini hasira yangu haijastaafu. Juzi chuo kilinialika kwenye warsha ya kusifu utafiti unaounganisha taaluma. Kulikuwa na chai, fulana na bango kubwa. Wakuu wale wawili walikaa mbele wakipigiwa makofi. Binti wa Mzee Wamono, anayefundisha shule huko Nabuyonga, Mbale, akasimama, akanigeukia. "Mzee, nyinyi mlikuwa mnajua?"

"Tulijua, mwanangu," nikamjibu. "Mimi nilijua mlima utashuka. Nambozo alijua baba yako angekubali vipi kuutangulia kushuka. Hao waliokaa mbele walituambia tusichanganye."