Chungwa la Ndugu Evaristo

Mwaka 1965, miaka sita baada ya mapinduzi, mjini Camagüey, Kamati ya Mtaa ilitangaza rasmi kwamba suruali ambayo chungwa haliwezi kushuka ndani yake, kutoka kiunoni hadi kifundoni, ni ugonjwa ulioletwa na mabeberu. Na kwamba dawa yake ni mkasi. Ikishapasuliwa, ugonjwa hausambai tena.

Eudalia, fundi cherehani, alilisikia tangazo hilo akiwa na mkasi wake mkononi. Suruali iliyobana kuliko zote mtaani aliibana yeye, kwa ajili ya mwanawe Fermín. Kijana huyo hakuwahi kuonekana akikimbia, hata mvua ikinyesha. Alishinda ameegemea ukuta wa duka la mikate, miwani myeusi usoni, kama anayesubiri garimoshi ambalo reli yake haijajengwa. Vijana wenzake walimtazama kwa husuda. Mjini kila mtu alikuwa kwenye foleni ya kitu fulani. Fermín peke yake alisimama pasipo na foleni.

Jumapili, Evaristo, mwenyekiti wa kamati, akiwa na chungwa na mkasi, alimkuta uwanjani.

"Wewe bwana mkubwa, njoo upimwe."

"Mwenyekiti, tafuta basi kachungwa kadogo, usimwonee mtoto!" mama mmoja akadakia. Watu wakaangua kicheko.

"Nyamaza, mama! Hii ni kazi ya taifa."

Eudalia, aliyekuwa katikati ya watu, alijiziba mdomo. Mwanawe akijibu kwa jeuri, lori la kuwapeleka wakaidi kukata miwa lilikuwa limeegeshwa pale pale. Akilia, hatapita tena mtaani kwa aibu.

Chungwa lilikwama gotini. Mkasi ukapanda kutoka kifundoni, kitambaa kikalia, chungwa likadondoka.

Fermín akaliokota. Akalifuta, akalimenya taratibu, ganda moja refu lisilokatika, halafu akamega kipande cha kwanza.

"Karibu, Ndugu."

Evaristo, kwa malezi mema aliyopewa na mama yake, akakipokea. Fermín akaondoka kwa mwendo ule ule wa siku zote, suruali ikipepea. Hakuna aliyecheka. Eudalia alimtazama mpaka akapinda kona. Huyu kweli nimemzaa mimi?

Nyumbani alitoa uzi na sindano.

"Acha ilivyo, mama," Fermín akasema.

Wiki iliyofuata, vijana walianza kumletea Eudalia suruali zao awapasulie hadi gotini. Ya kwanza iliingia kwa mlango wa uani. Ilikuwa ya mtoto wa Ndugu Evaristo.